Saruji Haizibi Ufa Unaocheza

Panda juu ya paa la zege la nyumba yoyote iliyokaa miaka kadhaa, Tanga au Mombasa, hutakosa kuona mstari wa saruji mpya uliopigwa juu ya ufa wa zamani, na pembeni yake ufa mwingine unaanza. Mwenye nyumba husema fundi alibana saruji. Mara nyingi hakubana. Ufa ule bado unacheza.

Zege likipata joto hutanuka. Slabu ya mita 10, joto lake likipanda nyuzi 20, hurefuka karibu milimita 2. Paa linalopigwa jua tangu asubuhi kisha likanyeshewa alasiri hupitia mabadiliko hayo ndani ya siku moja. Saruji iliyokauka haivutiki kiasi hicho. Itapasuka tu, hata uizidishe vipi.

Kazi moja niliyoifuatilia ilifanywa kwa akili zaidi. Ufa ulipita kati ya slabu na ukuta mfupi wa ukingoni. Kabla ya kushika tindo, fundi alibandika kipande chembamba cha kioo kukatiza ufa, ncha zote mbili zikishikwa na saruji. Siku chache baadaye kioo kilikuwa kimekatika katikati. Hapo akajua ufa uko hai.

Kisha akatafuta maji yanakoingia, maana yanapodondokea si lazima ndipo yanapoingilia. Alizima umeme kwenye swichi kuu, akajenga kingo za udongo juu ya paa, akamwaga maji yenye buluu ya kufulia sehemu moja baada ya nyingine, akianzia chini ya mteremko. Maji ya buluu yalitokea kwenye taa ya sebuleni, mbali kabisa na ufa: yalikuwa yamefuata bomba la nyaya lililozikwa ndani ya slabu. Doa likikaa kwenye taa, wengi hukimbilia kupaka rangi dari. Ni pesa ya bure, na ni hatari.

Ufa wenyewe aliupanua kwa tindo ukawa mfereji wa milimita 10, akausugua kwa brashi ya waya na kuuacha ukauke. Chini kabisa akashindilia kamba ya sponji, ndipo akajaza gundi ya poliyurethini kina cha nusu ya upana. Sponji ile ndiyo siri ya kazi yote. Gundi ikishika pande mbili tu huvutika huru. Ikishika na chini pia, hubanwa na kuchanika. Gundi inayovutika asilimia 25 kwenye mfereji wa milimita 10 huvumilia milimita 2.5, na slabu inadai 2. Hesabu imetosha, ingawa kwa nafasi ndogo. Ningekuwa mimi ningepanua mfereji zaidi.

Kwenye gari kosa ni lilelile. Rejeta za siku hizi zina kiini cha alumini na matangi ya plastiki juu na chini au pembeni, na plastiki hupasuka kwenye maungio. Za zamani za shaba zilipigwa lehemu zikapona. Hizi hupakwa supaglu na kunyunyiziwa majivu, ikakauka ngumu kama jiwe. Lakini injini ikipoa na kupata moto tena, plastiki inajivuta, gundi haijivuti, maji yanarudi. Unga wa kuziba unaomwagwa ndani huziba na vijia visivyovuja, gari likaanza kuchemsha. Tiba ni kubadili tangi na mpira wake, au rejeta nzima.

Supaglu ikufikishe gereji tu. Na ukisimama njiani, usifungue mfuniko rejeta ikiwa ya moto: unashikilia presha ya karibu baa 1, kwa hiyo maji ndani yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukiufungua, yatachemka kwa mkupuo na kukurukia usoni.