Anayesugua Taa

Barabara ya kupanda Kibugu kutoka Embu mjini ni ya magari yaliyokula chumvi nyingi. Kuna Probox za kubeba maziwa na parachichi, Corolla za miaka ya 1990, na mara mojamoja pikapu ya Peugeot 504 ambayo mwenyewe haiuzi hata umbembeleze vipi. Umri wa gari hapa usiutafute kwenye namba ya usajili. Namba huhesabu tangu gari liliposajiliwa Kenya, na sheria yetu inaruhusu mtumba wa hadi miaka 8, kwa hiyo gari linaweza kupewa namba mpya likiwa tayari limezeekea ughaibuni. Tazama taa za mbele. Hizo hazijui kudanganya. Zimeingia umanjano, zimeota utando usiotoka kwa kitambaa wala kwa sabuni, na usiku mwanga wake unaishia hatua chache mbele ya bampa.

Taa ya 504 ilikuwa ya kioo, na kioo hakijali jua. Kilichokufa ndani yake ni ule mng'ao wa nyuma ya balbu, ukiliwa na kutu. Lakini kioo ni kizito, na jiwe moja la barabara ya murramu likirushwa na tairi la lori la majani chai, basi tena. Ndiyo maana viwanda vya magari viliikimbilia polikaboneti, plastiki ngumu ambayo mwaka 1953 Hermann Schnell wa Bayer kule Ujerumani na Daniel Fox wa General Electric kule Marekani waliigundua kila mmoja kivyake. Plastiki hiyo haiogopi jiwe. Adui yake ni jua. Kiwandani hupakwa koti jembamba la kuikinga na miale ya urujuanimno, na koti hilo likichoka, umanjano unaanza. Nasi tuko kama nusu digrii tu kusini mwa ikweta, juu zaidi ya Embu mjini ambako tayari ni karibu mita 1,350, mahali ambapo jua la saa sita huchoma hata siku ya baridi. Mara nyingi utakuta taa moja imeharibika kuliko mwenzake. Ukiuliza, utaambiwa gari huegeshwa kila siku upande uleule wa duka.

Kazi ya kuzirudisha taa hizi ni ndogo mno, haina hata kibao barabarani. Wanaoifanya ni mafundi wa rangi, mafundi wa waya, wakati mwingine kijana wa kuosha magari. Kati yao wapo wanaoifanya kama sanaa, na hao ndio ninaowasifu.

Fundi ninayemfahamu hapa sokoni hufanyia kazi chini ya mti wa mukima. Kwanza maji na sabuni, kisha hubandika tepu ya karatasi kandokando ya taa ili msasa usile rangi ya boneti. Halafu msasa wa maji: namba 800 ikiwa koti la zamani limepasukapasuka, 1000 ikiwa limefifia tu. Karatasi hukaa ndani ya ndoo hadi ilainike. Anapoanza, husugua kushoto kulia kwa mistari iliyonyooka, bila kuzungusha mkono. Maji yanayotiririka mwanzoni ni ya manjano. Hiyo ndiyo ngozi iliyokufa. Yakigeuka meupe, amefika kwenye plastiki nzima, na hapo hubadilisha namba na mwelekeo kwa pamoja. 1500 husuguliwa juu chini, 2000 tena kushoto kulia. Kwa njia hiyo mikwaruzo ya namba iliyopita inakaa kinyume na ya sasa, anaiona waziwazi, na hasongi mbele mpaka iishe yote. Kipimo chake ni kidole gumba. Anakipitisha polepole juu ya taa iliyolowa huku akitazama kwingine kabisa, akiongea na mtu wa bodaboda.

Huo ndio wakati ambao mwenye gari huingiwa na hofu. Taa iliyokuja ya manjano sasa imekuwa nyeupe tupu, mbaya kuliko ilivyoletwa.

"Fundi, umeniulia taa."

"Tulia, mzee. Bado hatujafika 3000."

Baada ya 3000 huja polishi na kitambaa kikavu. Weupe unaondoka, balbu inaonekana mle ndani, na mzee anaanza kutafuta simu yake alipe kwa M-Pesa.

Wengi huishia hapo, maana mteja amekwisha kufurahi. Lakini plastiki hiyo sasa iko uchi. Koti la kiwandani limeondoka na yale maji ya manjano, na jua la Embu halitangoja mwaka. Nilisema taa hazijui kudanganya. Zipo yadi za kuuza magari zilizozifundisha, kwa kuzing'arisha siku ya mauzo tu. Dawa ya meno ambayo watu hushauriana kuitumia ni udanganyifu wa jamii hiyohiyo. Ina chembechembe za kusugua, kwa hiyo inang'arisha kweli, lakini haiachi kinga yoyote nyuma yake.

Fundi wangu hufuta taa kwa spiriti, hata alama ya kidole isibaki, kisha hupulizia klia, vanishi angavu yenye kinga ya jua, mikono miwili myembamba, wa kwanza ukiachwa ukauke kidogo kabla ya wa pili. Na hapa hali ya hewa ya Kibugu huingilia. Mwezi wa Julai ukungu hushuka kutoka msituni, manyunyu hayakatiki, na kuna siku jua halionekani mpaka alasiri. Klia ikipulizwa kwenye unyevu hukauka ikiwa na maziwamaziwa ndani yake, na kazi yote inarudi kwenye msasa. Nimemwona akiwarudisha watu asubuhi ya baridi, pesa wakiwa nazo mkononi, akiwaambia waje siku ya jua. Mteja anayeondoka hivyo hanung'uniki kidogo. Kwake yeye taa ikishang'aa imepona, na hataijua tofauti mpaka miezi ipite, wakati ambao atakuwa ameshasahau ni nani alimfanyia. Kazi hii hulipwa mchana ilhali mtihani wake ni usiku. Ndiyo maana asiye mwaminifu anaweza kula kwayo miaka mingi bila kukamatwa.

Isitoshe, taa inaweza kung'aa na bado ikawa kipofu. Balbu ya H4 ni ya wati 60 kwenye full na 55 kwenye dim, lakini hizo ni hesabu za umeme uliofika salama. Volti zikipungua kwa sehemu moja ya kumi njiani, mwanga hupungua kwa karibu theluthi. Katika magari ya zamani zinapotea wapi? Mara nyingi kwenye ethi, ile bolti moja inayofunga waya kwenye bodi, ambayo miaka ya matope na mvua imeivika kutu. Kabla ya kugusa msasa, fundi huwasha taa na kuweka waya mmoja wa mita yake kwenye ethi ya balbu, mwingine kwenye hasi ya betri. Mita ikisoma kitu cha maana, anaifungua bolti, anaisugua hadi chuma king'ae, anapaka grisi na kuirudisha. Kuna wateja waliotoka hapo bila kusuguliwa taa kabisa, maana hawakuwa na shida ya taa. Fundi mwenye tamaa angewauzia balbu.

Au angewauzia zile taa za LED ambazo vijana wanazifunga mpaka kwenye pikipiki. Mimi nazichukia, na sitajifanya nina hoja ya kistaarabu. Nyumba ya balbu ya kawaida ilikatwa kwa hesabu za uzi mdogo unaowaka mahali pamoja. Ukichomeka humo chanzo kingine cha mwanga, nuru inasambaa ovyo, mwenye gari anadhani anaona mbali, na mama anayerudi kutoka kituo cha majani chai na kikapu mgongoni anasimama kando ya mtaro akiwa amefumba macho.

Kwa hiyo kuna kazi ya ukuta, ya kulenga mwanga usimfumbe mtu macho. Jua likishatua, gari husimamishwa mita 10 kutoka ukuta wa duka lililofungwa, na chaki huchora mstari ulio sawa na kimo cha taa. Mwanga wa dim unapaswa kukatika kama sentimita 10 chini ya mstari huo, ukipanda kidogo upande wa kushoto, kwenye ukingo wa barabara wanakopita watu. Skrubu ziko nyuma ya taa, nyingine zimeshikwa na kutu miaka yote hiyo bila kuguswa. Magari mengi ya Japani yana pia kitufe kidogo karibu na usukani cha kushusha taa gari likibeba mzigo. Muulize dereva wa Probox kazi ya kitufe hicho, atakuambia hakijawahi kufanya kitu.

Lakini Probox ya Kibugu haitembei tupu. Ikijazwa, matako yake yanakaa chini, pua inapanda, na dim inageuka full machoni mwa anayekuja. Fundi humuuliza mwenye gari hubeba nini. Akisema maziwa, vijana wawili wanene kidogo huitwa kutoka stendi, wanakaa nyuma kwenye buti, na skrubu zinazungushwa wakiwa humohumo, wakidai soda.