Spika Iliyofufuliwa Hukaguliwa Nyuma

Hapa Palma watu wameanza kuamini kwamba spika nzuri ni ile yenye taa. Harusini muziki unapigwa mpaka sufuria zinatetemeka, na mtu mzima anakuambia, "Fundi, sauti ya zamani imerudi." Imerudi wapi? Fungua kasha uone: twita nne, mbili hazina waya. Sumaku imevishwa kikombe cha plastiki ionekane nene.

Wenye pesa nao hununua nembo. Spika ya zamani ikifufuliwa, wanasoma jina mbele, wanalipa. JBL waliirudisha L100 ya mwaka 1970 kwa jina la L100 Classic mwaka 2018, na sina ugomvi nao: kifuniko cha povu cha ile ya kwanza kilikuwa kikioza na kubomoka chenyewe, tena huko kwao kusiko na chumvi ya bahari yetu. Lakini mbele ni sura tu.

Chukua LS3/5A ya BBC, kijispika cha magari ya kurushia matangazo, ujazo kama lita 5. Miaka ya 1970 BBC waliwapa watengenezaji leseni na michoro. Ikatokea kitu kimoja kubadilishwa, kitu ambacho hakuna mteja angekiona: vipande vya mbao vinavyoshika pembe ndani ya kasha. Mchoro ulitaka mbao ngumu ya bichi, badala yake kukawekwa msonobari wa Paraná. Wufa ileile, twita ileile, krosova ileile, lakini sauti ikatoka na mguno usio wake. Wahandisi wakaufuata mguno huo mpaka kwenye kipande cha mbao! KEF walipoacha kutengeneza wufa yake ya B110 na twita yake ya T27, LS3/5A ikafa. Walioifufua vizuri ni Falcon Acoustics, kampuni iliyoanzishwa na Malcolm Jones, yuleyule aliyebuni B110 na T27 akiwa KEF.

Kwa hiyo spika unayouziwa igeuze. Bao la nyuma lina skrubu, au limegandishwa kwa gundi? Gonga ubavu kwa kifundo cha kidole: mlio uwe mfupi, ufe hapohapo. Na jamani, msiniletee kasha la mbambakofi mtupu, zito kama mlango wa msikiti, mkaliita bora. Mbambakofi huimba wimbo wake. Plaiwudi nyembamba iliyobandikwa lami ndani hunyamaza. Rangi ya kung'aa, sitaki kuiona. Basi.

Marehemu fundi aliyenifundisha kazi Mocímboa da Praia hakujaribu spika kwa muziki. Aliweka taarifa ya habari ya BBC Kiswahili, akaugeukia ukuta. Mtangazaji akisikika yumo ndani ya boksi, spika inarudi kwa mwenyewe. Akisikika yumo chumbani, ndipo mzee anaanza kuongea bei. Siku hizi nani anasubiri taarifa ya habari?

Ukienda kununua, nenda na bisibisi. Muuzaji akikataa bao la nyuma lifunguliwe, mwachie spika yake.