Kamba na Gurudumu

Walimu wengi, wafikapo kwenye mwendo wa duara, huandika ubaoni kwamba radiani 1 ni nyuzi 57.3, kisha huendelea na hesabu. Maneno hayo ni kweli, lakini nayalaumu, kwa kuwa hayamfundishi mwanafunzi neno. Yamtoa katika kipimo asichojua asili yake, yakamtia katika kingine asichokijua pia.

Nyuzi 360 ni desturi tuliyorithi kwa watu wa Babeli. Tungaliligawa duara kwa 400, nalo lingalibaki lile lile. Radiani si desturi. Twaa kamba iliyo sawa na nusu kipenyo cha gurudumu la baiskeli, uilaze juu ya ukingo wake. Pembe iliyo kitovuni, kati ya mistari miwili iendayo kwenye ncha za kamba, ndiyo radiani 1. Duara lajipima lenyewe. Basi urefu wa tao lolote ni nusu kipenyo mara radiani.

Ramani ya kwetu yashuhudia. Kasulu iko karibu nyuzi 4.6 kusini ya ikweta, na Kibondo karibu nyuzi 3.6. Tofauti ni kama nyuzi 1, yaani radiani 0.01745. Zidisha kwa kilometa 6,371, nusu kipenyo cha dunia, upate kilometa 111 hivi: hivyo ndivyo Kibondo ilivyo kaskazini zaidi ya Kasulu. Tena miji yote miwili huzunguka nyuzi 15 kila saa. Lakini Kibondo, iliyo mbali kidogo zaidi na mhimili wa dunia, huitangulia Kasulu kwa kilometa 2 hivi kwa saa. Mwendo wa pembe ni mmoja, mwendo wa njia ni mbalimbali.

Watasema mtihani u karibu, na kamba hupoteza wakati. Lakini jambo hili si la ubaoni tu. Katika kona za vilima vyetu, lori likienda kasi maradufu, nguvu ya kulivuta kuelekea ndani sharti iwe mara 4 ya kwanza, nayo hutoka katika msuguano wa magurudumu na barabara. Masika ikilowesha udongo, msuguano hupungua, na lori hufuata njia yake iliyonyoka hata bondeni. Hapana nguvu iliyolitupa nje. Imepungua ile ya kulizuia. Mwanafunzi aliyekariri 57.3 hatayaona hayo. Aliyeshika kamba atayaona.