Nakia, Okoye na Kiti cha Ufalme
Tuanze na Zuri, kwa sababu hapo ndipo shabiki wa Kiswahili hucheka peke yake gizani. Forest Whitaker, yule yule aliyecheza Idi Amin kwenye The Last King of Scotland akabeba Oscar mwaka 2007, kavishwa joho la zambarau, kapewa mkuki na jina Zuri. Sasa, kwa sarufi yetu, zuri ni gari, ni embe, ni jina lenyewe. Mtu ni mzuri. Hata hivyo nampenda Whitaker humo ndani, hasa sauti yake inapopasuka akikiri mauaji aliyoyaficha miaka yote. Jabari ni jina lililokaa vizuri zaidi: mwenye nguvu, asiyeshindwa. Na aliyelibeba, Winston Duke wa Tobago, alilistahili. Kwenye vitabu vya katuni tangu 1969, M'Baku alikuwa na jina la kishujaa la kudhalilisha, mtu-nyani. Filamu ya Black Panther ililitupa jina hilo ikampa Duke nafasi ya kuchekesha watu kwa kutisha na kutisha kwa kuchekesha. Msee huyo anaingia kwa dakika chache na filamu nzima inamsogelea.

Kelele nyingi mtaani Februari 2018 zilihusu lafudhi. Ati kwa nini mfalme wa Wakanda anaongea kama mtu wa Johannesburg, na ramani za Marvel zinaiweka nchi yake hapa kwetu, karibu na Ziwa Turkana? Jibu linajulikana: John Kani, aliyecheza Mfalme T'Chaka, alileta Kixhosa chake tangu Captain America: Civil War ya 2016, na kikabaki. Chadwick Boseman naye alikataa kabisa mfalme wake aongee kama Mwingereza au Mmarekani. Mimi hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni Nakia. Pale sokoni Busan anaongea Kikorea na mama wa mlangoni bila kusita, na mwigizaji wake ni msichana wetu, lakini Kiswahili, lugha ya majirani wa karibu kabisa wa Wakanda, hakimtoki. Jasusi gani huyo asiyejua lugha ya jirani?

Ila Lupita Nyong'o mwenyewe alichaguliwa vizuri kuliko wengi walivyokubali. Nakia wa katuni alikuwa mmoja wa walinzi wa mfalme, akapagawa na penzi mpaka akawa adui. Huyo angemfaa mwigizaji yeyote wa kulia na kupiga kelele. Wa filamu ni mtu aliyekataa ikulu kwa sababu ana kazi huko nje. Kampewa Kabila la Mto pia, na Wajaluo waliokuwa ukumbini hawakuhitaji kuelezwa utani huo. Kisumu, ambako baba yake alikuwa gavana, ilipata uzinduzi wake wa filamu hiyo. Sisi wa Nairobi tukajipanga Mama Ngina Street, ukumbi wa IMAX, watu na vitenge, na shanga, na mmoja na mkuki wa plastiki uliozuiwa mlangoni.

Na hapo, katikati ya tao, filamu ikawa kitu ambacho Ryan Coogler hangeweza kukipanga.

Hesabu tarehe. Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu inafuta uchaguzi wa urais. Oktoba 26, marudio. Novemba 28, Uhuru Kenyatta anaapishwa Kasarani. Januari 30, 2018, Raila Odinga anajiapisha Uhuru Park kuwa "rais wa wananchi", na vituo vikubwa vya televisheni vinazimwa. Wiki mbili baadaye tumekaa kwenye ukumbi ulio mwendo mfupi wa mguu kutoka Uhuru Park, tunamtazama Killmonger akikalia kiti, na Nakia akimwambia Okoye waondoke, na Okoye akikataa: yeye ni wa kiti, yeyote atakayekikalia. Ukumbi ulinyamaza. Si ule ukimya wa kusikiliza tu. Ule wa mezani nyumbani, mjomba mmoja akitaja uchaguzi.

Nairudia sana hiyo fasihi ya nyuso mbili. Danai Gurira anaigiza Okoye kwa shingo na taya. Analia bila uso kusogea, kama askari anayejua anavyotazamwa. Lupita anafanya kinyume: sauti inashuka, maneno yanakuja haraka, halafu yanakwama. Hamshutumu mwenzake. Anamshangaa, na hilo linauma zaidi. Kamera ingewaachia dakika mbili zaidi, tungepata mchezo wa kuigiza wa kukaa miaka.

Halafu T'Challa anarudi hai na kudai kwamba pambano halijaisha, kwa kuwa hakusalimu amri wala hakufa. Manze, makofi! Na vicheko vya aina mbili, kila upande na chake. Kwenye 46 ya kurudi Kawangware hakuna aliyeongea juu ya mitambo ya vibranium. Kondakta, ambaye hakuwa ameiona filamu, aliuliza tu nani aliapishwa kihalali, na gari zima likamjibu kwa pamoja, majibu tofauti. Machi 9 Uhuru na Raila wakapeana mikono kwenye ngazi za Harambee House. Okoye hakuulizwa.

Kwa hiyo nilipoona Wakanda Forever mwaka 2022, baada ya Boseman kufariki Agosti 28, 2020, sikuwa na hasira na uamuzi wa kutomtafuta T'Challa mwingine, ingawa najua mashabiki waliotaka apatikane. Swali langu lilikuwa Nakia amewekwa wapi. Amewekwa Haiti, mwalimu, mbali na kiti na mazishi ya aliyekikalia. Lupita ana nafasi ndogo tena, na Kihispania chake, lugha ya nchi aliyozaliwa, kinatumika vizuri. Lakini ni pale mwisho, ufukweni, anapomsogeza mtoto mbele ya Shuri, ndipo anapocheza vizuri kuliko filamu zote mbili: anatabasamu kidogo, anamwangalia mtoto, anaangalia bahari, na anarudi nyuma hatua moja ili mwingine aongee.