Reli Zilizohamia Baharini

Maji yakipwa katika mji mdogo wa Clevedon, pwani ya Somerset huko Uingereza, gati lake huonekana lote, toka nyayoni hadi utosini. Nguzo zake ni nyembamba mno. Kwa mbali mtu hudhani ni mistari ya kalamu iliyochorwa juu ya matope. Saa sita baadaye nguzo zile zimemezwa karibu zote, na gati lililokuwa refu kama minazi limekuwa daraja la chini linalokaribia kugusa maji ya kahawia. Mlango wa Bristol, ambao Clevedon inautazama, una kupwa na kujaa kukubwa kuliko karibu pwani zote za dunia. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji ya chini na ya juu hufikia takriban mita 14. Ni kama kuijaza maji nyumba ya ghorofa nne na kuimwaga, mara mbili kila siku.

Anayetaka kujenga mahali kama hapo ana njia mbili. Anaweza kujenga ukuta mnene wa mawe ashindane na maji, au ajenge kitu ambacho maji hayatapata pa kukishika. Mafundi wa Clevedon walishika njia ya pili, wakaifuata hadi mwisho wake. Kila nikitazama kazi yao nashangazwa na yale waliyokubali kuyaacha: unene usiohitajika, pambo lisilobeba mzigo, chuma kisicho na kazi. Kilichosalia ndicho gati.

Magati ya starehe ya Uingereza hayakuanza kama mahali pa starehe. Yalizaliwa na shida ya abiria. Huko Ryde, katika Kisiwa cha Wight, maji yakipwa msafiri alibebwa mgongoni na wapagazi hadi penye mchanga, kisha akatembea mwendo mrefu juu ya mchanga wenye maji kabla ya kufika mjini. Mwaka 1814 likajengwa pale gati la mbao, na wenyeji wakagundua kwamba hata asiye na safari hupenda kutembea juu ya bahari bila kulowa. Katika zama za Malkia Victoria, reli zilipowafikisha watu wa miji ya viwanda pwani kwa maelfu, kila mji wa ufukweni ulitamani gati lake. Clevedon ilifikiwa na reli mwaka 1847. Ng'ambo ya maji, upande wa pili wa mlango ule, iko Wales Kusini, na watu wa Clevedon walitaka meli za kuvuka ziweze kufunga kwao, maji yawe yamejaa au yamepwa. Kazi ikaanza mwaka 1867.

Wahandisi walikuwa wawili, John William Grover na Richard Ward, na kazi ya chuma ikapewa kampuni ya Hamilton's Windsor Ironworks. Chuma walichokitumia kina kisa chake.

Mwaka 1849 mhandisi William Henry Barlow alijipatia hataza ya reli ya namna mpya. Reli ya kawaida hulazwa juu ya mataruma, nayo mataruma hulazwa juu ya kokoto. Barlow alitaka kuyaondoa mataruma kabisa. Reli yake ilikuwa pana chini na nyembamba juu, yenye mbavu mbili zilizotanuka kama paa la nyumba, ili ijikalie yenyewe juu ya kokoto. Isambard Kingdom Brunel, mhandisi aliyesifika kuliko wengi wa wakati wake, aliitumia katika njia ya South Wales Railway. Haikufaa. Bila mataruma ya kuzishika, reli mbili za njia moja zilitanuka taratibu kila garimoshi lilipopita, na upana wa njia ukapotea. Zikang'olewa.

Barlow mwenyewe hakuangushwa na jambo hilo. Ndiye aliyebuni paa kubwa la stesheni ya St Pancras jijini London, iliyofunguliwa mwaka 1868, wakati gati la Clevedon likijengwa. Lakini reli zake zilikuwa zimekosa kazi. Grover na Ward waliona ndani yake kitu ambacho watu wa reli hawakuwa na haja nacho. Mbavu zile zilizotanuka, ambazo hazikuweza kutulia juu ya kokoto, ziliifanya reli iwe ngumu kupinda na nyepesi kwa wakati mmoja. Ukiziunga mbili mbili unapata nguzo imara isiyokula chuma kingi. Ukizikunja unapata tao. Hivyo reli za South Wales Railway zikageuka miguu ya gati, na sehemu zake za juu zikapindwa kwa upole kwenda kuupokea mhimili, kama matawi yanavyoachana na shina.

Gati zima lilichukua takriban tani 370 za chuma, kwa njia ya kutembea yenye urefu wa takriban mita 250. Njia hiyo inabebwa na vipande vinane, kila kimoja kikiruka futi 100, yaani kama mita 30, kutoka kundi moja la nguzo hadi jingine. Hapo ndipo hesabu yao inapopendeza. Ukiongeza nguzo, mihimili yako inakuwa mifupi na nafuu, lakini umeipa bahari vitu vingi vya kupiga. Ukipunguza nguzo, mawimbi yanapita kwa raha, lakini mihimili inapaswa kubeba zaidi. Waliipata nafasi ya katikati ambayo inastahimili uzito wa watu juu na kasi ya maji chini.

Chuma chenyewe kilikuwa cha kufuliwa, tofauti na cha kusubu kinachomiminwa kwenye kalibu. Chuma cha kusubu hubeba uzito vizuri ukikikalia, lakini ukikivuta au kukipiga kinaweza kukatika ghafla kama chungu. Cha kufuliwa kilitengenezwa na wanaume waliosimama mbele ya tanuri wakikoroga chuma kwa fimbo ndefu hadi kikawa donge zito kama ugali unaoiva, kisha donge hilo likapigwa nyundo na kupitishwa kati ya magurudumu mazito likanyooshwa. Ndani yake hubaki nyuzi nyembamba za mavi ya chuma, zilizolala upande mmoja kama nyuzi za ubao. Chuma cha namna hiyo hakikatiki kwa hasira. Hukubali kupinda, huonya kabla ya kushindwa.

Vipande viliungwa kwa ribiti. Fundi mmoja alizipasha moto hadi zikawa nyekundu. Mwingine aliiingiza moja katika tundu lililopita vyuma vyote viwili. Wa upande huu akaushikilia utosi wake kwa chuma kizito, na wa upande ule akauponda mkia hadi ukawa utosi wa pili. Kisha jambo la maana lilitendeka lenyewe: ribiti ilipopoa ilinywea, na kwa kunywea ikavikaza vile vyuma viwili kuliko mkono wa mtu ungeweza. Mafundi wale hawakuifunga ile ribiti. Waliiandaa tu, baridi ikafunga.

Sir Arthur Elton alilifungua gati Jumatatu ya Pasaka, tarehe 29 Machi 1869. Mwaka 1886 njia ya reli ilipitishwa chini ya Mto Severn, na aliyetaka kwenda Wales hakulazimika tena kupanda meli. Gati likabaki kwa meli za matembezi, zile za mvuke zenye magurudumu ya makasia, na kwa watu waliokuja kuvuta hewa tu. Mwaka 1893 ncha yake ilijengwa upya kwa chuma cha kusubu, na mwaka uliofuata vikaongezwa vibanda vya kujikinga na upepo.

Tarehe 17 Oktoba 1970, gati likiwa limetimiza miaka 101, lilikuwa likijaribiwa kwa uzito kama bima ilivyotaka. Vipande viwili vya mwisho vikaanguka baharini. Ncha ikabaki peke yake kule mbele kama kisiwa. Wengi waliona mwisho umefika, na baraza la eneo likaomba ruhusa ya kulibomoa. Wakazi waliolipenda wakakataa. Katika uchunguzi wa hadhara wa mwaka 1980, mshairi John Betjeman alikuwa miongoni mwa waliolitetea, na ubomoaji ukazuiwa.

Kilichofuata nakiheshimu sawasawa na ujenzi wa mwanzo. Mwaka 1985 gati lilifunguliwa kipande kwa kipande, vipande vikapelekwa bandari jirani ya Portishead kusafishwa na kutengenezwa, kisha vikarudishwa mahali pake. Kufungua kazi ya fundi mwingine bila kuiharibu ni kuisoma herufi kwa herufi. Unalazimika kujua kwa nini kila kiungo kiko pale kilipo, na nini kitatangulia kuanguka ukikilegeza. Tena chuma kile hakikuwa na mbadala wa karibu: viwanda vya Uingereza viliacha kukitengeneza kwa biashara katika miaka ya 1970. Gati lilifunguliwa tena mwaka 1989, na ncha yake ikakamilika mwaka 1998. Mwaka 2001 likapewa daraja la juu kabisa la hifadhi ya majengo nchini humo. Ukitembea juu yake utaona vibati vya shaba vyenye majina ya waliochangia, vimepigiliwa kwenye mbao, na meli ya makasia Waverley bado huja kufunga hapo.

Lakini la kutazamwa zaidi liko chini. Maji yakipwa, ukisimama ufukweni na kuinua macho, utaona kwenye kila nguzo ule ukingo mwembamba wa reli ya Barlow, ule uliokusudiwa kubeba magurudumu ya garimoshi. Hakuna aliyeukata wala kuuficha. Ulisimamishwa wima kabla ya gati kufunguliwa mwaka 1869, ukarudishwa pale pale baada ya matengenezo, na mara mbili kila siku bahari hupanda juu yake, ikashuka, ikaenda zake.