Kitabu Kilichoandikwa Bila Kuulizwa Bei

Leo twataka kusema habari za kitabu ambacho baadhi yenu mmekisikia jina, na wachache mmekisoma mpaka mwisho. Ni riwaya ya marehemu Aniceti Kitereza wa Ukerewe, iitwayo Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Twaisema kwa sababu mbili. Ya kwanza ni uzuri wa kitabu chenyewe. Ya pili ni kosa letu sisi, nalo tutaliungama mbele kidogo.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896, mtu wa ukoo wa watemi wa kisiwa kile. Alilelewa na Mapadre Weupe wa misheni ya Kagunguli, kisha akasoma katika seminari ya Rubya, upande wa Bukoba. Sisi wa Ufipa, ambao babu zetu walifundishwa na mapadre hao hao tangu walipofika Karema mwaka 1885, twayafahamu malezi ya namna hiyo: kengele ya alfajiri, Kilatini, na daftari lisilotakiwa kupotea. Padre Almas Simard alimtia moyo aandike mambo ya watu wake yasije yakasahauliwa. Mwaka 1945 Kitereza akamaliza riwaya yake. Aliiandika kwa Kikerewe, lugha ya kisiwa kimoja na jirani zake wachache.

Hebu fikirini. Mtu anaandika kitabu kinene mno, kwa kalamu yake, kwa lugha ambayo wasemaji wake wote wasingeweza kumlipa mpiga chapa gharama ya karatasi. Hakuna aliyemwagiza, wala hakuna aliyemwekea bei. Hata alipotafuta wa kumchapia, hakumpata. Mswada ukalala. Mwaka 1968 hivi wakaja Ukerewe Wamarekani wawili, Gerald na Charlotte Hartwig, nao wakamshauri augeuze kwa Kiswahili. Mzee, ambaye umri ulikuwa umepita miaka sabini na viungo vyake vikimwuma, akakaa chini akaugeuza wote mwenyewe. Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ikautoa kwa mwaka 1980. Mwaka 1981 Kitereza akafariki, kabla hajakishika kitabu chake mkononi. Tangu mswada wa kwanza ni miaka thelathini na mitano.

Sasa tukitazame kitabu. Habari yake yaweza kusemwa kwa pumzi moja. Bugonoka hana mtoto. Ndugu za mumewe wamsimanga. Wazazi wake waja kumchukua. Myombekere, ambaye ampenda mkewe, aenda ukweni kumwomba. Wakwe wamtoza pombe ya ndizi. Aitengeneza, aipeleka, mke arudi, watafuta dawa, na baadaye wapata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, kisha wa kike, Bulihwali. Watoto wakua, wazee wazeeka.

Mwandishi atakaye kuuza angeimaliza habari ile ya pombe katika kurasa tatu. Kitereza hana haraka. Atupeleka migombani, atuonyesha ndizi zinavyokatwa, zinavyovundikwa, zinavyokamuliwa, nani aitwe kusaidia, nani asalimiwe kwanza na kwa maneno gani, na yule anayesalimiwa ajibu nini. Salamu hazikatwi. Twakiri kwamba tulipokisoma mara ya kwanza tuliruka kurasa, tukisema moyoni, mzee huyu kweli hajui kuacha.

Mara ya pili tulikisoma nyumbani kwa sauti, jioni za masika, wakati ambapo baridi ya Sumbawanga humfunga kila mtu karibu na jiko. Tulipofika penye pombe tukataka kuruka tena. Mama wa nyumba yetu akatuzuia. Yeye hajawahi kutengeneza pombe ya ndizi, maana kwetu pombe ni ya ulezi; lakini alitaka kujua kama ile imeiva au imeharibika. “Mwaruka nini?” akatuuliza. “Pombe ikiharibika, mke harudi.” Hapo ndipo tulipofumbuliwa macho. Yale tuliyoyadhania kuwa mapambo ya desturi ndiyo mvutano wenyewe wa hadithi. Mume yule hana silaha nyingine ya kumrudisha mkewe ila mikono yake na mitungi yake, na kila hatua ya kazi ni hatua moja ya kumkaribia. Anayeifupisha kazi aifupisha hamu ya mume.

Hatusemi kwamba kitabu hakina kasoro. Kiswahili chake kina harufu ya Kikerewe, na sentensi nyingine zapinda kama njia ya mbuzi mlimani. Kuna mahali ambapo mafundisho yaizidi hadithi nguvu, na watu wasimama tu wakingoja mwalimu amalize. Lakini kasoro hizi ni za mtu aliyesema mengi kwa upendo, si za mtu aliyepima kiasi gani kitatosha kumnasa mnunuzi.

Kitereza na mkewe, Anna Katura, hawakujaliwa kubaki na mtoto. Wala hakumwacha mkewe. Yaliyokuwa moyoni mwake alipoandika kilio cha yule mtoto wa kwanza wa Bugonoka, sisi si watu wa kuyasema. Twasema hili tu, kwamba furaha ya kuandika si lazima iwe kicheko. Yaweza kuwa furaha ya mtu anayekaa jioni na kalamu, akawajengea wengine nyumba yenye watoto.

Yuko atakayetupinga akisema: kama mzee aliandika kwa furaha yake, mbona alihangaika kutafuta wa kuchapa? Mbona akajitaabisha kugeuza kurasa zote zile uzeeni? Neno hili ni la haki. Nasi twajibu kwamba kutaka kusomwa si sawa na kutaka kununuliwa. Mtu aimbaye shambani hufurahi jirani akimwitikia, wala hatoi hesabu ya uimbaji wake. Tena hatuwadharau waandishi wa sokoni. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, iliyotoka mwaka 1965, imewafanya vijana wengi wapende kusoma, na sisi tuliisoma usiku mmoja bila kulala. Riwaya ya upelelezi yataka mbio, na mbio ina utamu wake. Kosa ni kuidai mbio kwa kila kitabu.

Na kosa hilo tulilitenda sisi. Miaka michache iliyopita kijana mmoja mwalimu alituletea daftari. Babu wa babu yake alikuwa fundi wa chuma, naye kijana aliandika hadithi ya mke wa fundi. Ninyi mmeyaona malungu, yale matanuru marefu ya udongo ambayo mabaki yake yangali yamesimama katika nchi yetu. Wazee walituambia kwamba siku za kuyeyusha chuma mafundi walikaa kambini, wasilale na wake zao. Hadithi ya kijana ilibaki nyumbani pamoja na mke. Alima matuta, afukia nyasi ndani ya udongo kama ilivyo desturi ya Kifipa, auguza mtoto, angoja kusikia kama chuma kimetoka. Hakuna aliyeuawa. Sura nzima ilikuwa ya matuta.

Tulimwambia, “Mwanangu, nani atanunua hii? Fupisha. Ondoa matuta. Tia mwizi, na mke akimbilie mjini.” Kijana ni mtu wa adabu, alitii. Daftari la pili lilikuwa na mbio nyingi, nalo likapelekwa kwa wapiga chapa fulani, lisirudi na jibu lolote. Tangu hapo hakuandika tena. Kwa hiyo sokoni hakupata kitu, na furaha yake tulikuwa tumekwisha kumnyang’anya.

Zaidi ya hayo, tulipaswa kujua. Habari za chuma cha Ufipa zimekwisha kuandikwa na wageni. Greig aliziandika mwaka 1937 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Roy Willis alitoa mwaka 1978 kitabu kizima juu ya masimulizi ya Wafipa, kwa Kiingereza. Twawashukuru kwa kazi yao. Lakini mpimaji wa tanuru hawezi kutuambia mke alijibu nini asubuhi ile mumewe alipochukua mzigo wake kwenda kambini. Hilo lataka mtu wa nyumba ile, mwenye subira ya kuandika jambo lisilo na mnunuzi.

Tulipomaliza kukisoma cha Kitereza mara ya pili tulimwandikia kijana yule, ambaye sasa afundisha karibu na ziwa, tukamwomba radhi na kumwuliza lilipo daftari la kwanza. Alitujibu kwa mistari minne. Liko Nkansi kwa bibi yake, sandukuni, chini ya shuka. Tena akatuuliza, kwa adabu yake ile ile, kama twalitaka pamoja na sura ya matuta au bila yake. Tumemjibu alilete lote.