Kovu na Jina Lake: Uhakiki wa Mwendelezo wa Filamu ya The Lion King

Swali linalohakikiwa hapa ni iwapo The Lion King II: Simba's Pride (1998) inafikia hadhi ya The Lion King (1994). Kwa upande wa picha hapana ubishi. Mwendelezo ulitengenezwa kwa ajili ya kanda za video za nyumbani, si kwa majumba ya sinema, na upungufu huo unaonekana katika mandhari na miondoko ya wanyama. Wala hamna tukio linalomgusa mtoto kama kifo cha Mufasa.

Hata hivyo, mtazamaji ajuaye Kiswahili ana kipimo kingine, nacho ni majina. Katika filamu ya kwanza majina mengi ni vibandiko tu: simba anaitwa Simba, rafiki anaitwa Rafiki, na Pumbaa amepumbaa. Adui mkuu, Scar, hakupewa jina la Kiswahili. Katika mwendelezo, mrithi aliyemteua anaitwa Kovu. Yaani, jina lile lile limetafsiriwa na kubebeshwa mtoto asiye na kosa. Watoto wenzake ni Nuka na Vitani, na mama yao ni Zira. Mtoto wa Kirumba au Kayenze akiyasikia, amekwisha kuhukumu kabla mwenzake wa Marekani hajashtuka.

Hapo ndipo utajiri wa filamu hii ulipo. Dhamira yake ni kuikanusha methali isemayo mtoto wa nyoka ni nyoka, na Kovu si hata wa damu ya Scar. Lakini Nuka anapokufa chini ya magogo, Zira anamparura Kovu usoni, na alama inayobaki inafanana na ya Scar. Jina limemkuta. Simba anamfukuza, na hata maji anamojitazama yanamrudishia sura ya Scar.

Miongoni mwa Wasukuma wa Ilemela, jina aghalabu hueleza mazingira ya kuzaliwa: Kulwa na Doto ni pacha, Shija amewafuata pacha, Mabula alizaliwa wakati wa mvua. Hakuna anayemdai Mabula mvua. Aliyelelewa katika desturi hiyo humwelewa Kovu upesi, na Vitani anapoiacha vita na kuvuka upande wa Kiara, hupata kinaya ambacho Kiingereza hakikioni. Kwa kipimo hiki, naona mwendelezo umeipita filamu ya kwanza.

Dosari yake kubwa ya lugha ni wimbo wa “Upendi”. Bila shaka ulikusudiwa upendo. Umbo hilo limekwama kati ya upendo na upenzi, na sikio la mtoto hulipokea kama “hupendi”, kinyume kabisa cha maudhui ya wimbo. Watunzi waliopata Kovu na Vitani hawakushindwa kumuuliza mzungumzaji mmoja wa Kiswahili.